Mfadhili Mbuzi

Mimi ndiye niliyekuwa nikizituma. Nalisema mwanzoni kabisa, usije ukalisikia kwa watu wenye chuki. Zile barua pepe zote zilizowafikia wakunga mia nne na kumi na wawili wa Jamhuri ya Asantini, asubuhi, mchana na alasiri, zikiwaeleza uzuri wa saruji, zilipita katika kidole changu hiki cha kulia. Nilikuwa Karani wa Ufadhili wa Chama cha Wakunga, Makao Makuu, ghorofa ya tatu, chumba chenye feni. Feni nayo ilikuwa na mfadhili wake.

Kama hujawahi kufika Asantini, pole. Ni nchi nzuri, na usipoiona nzuri ipo fomu ya kujaza. Kwetu mtu huzaliwa, huishi na huzikwa akishukuru. Wimbo wetu wa taifa una beti tisa, na zote ni "asante", isipokuwa ubeti wa tano ambao ni "asante sana". Tusi kubwa kuliko yote, linaloweza kuvunja ndoa ya miaka ishirini, ni kuambiwa huna shukrani. Ndiyo maana tuna Wizara ya Shukrani na Mapokezi, na wizara hiyo ndiyo iliyoamua kwamba kila chama cha wataalamu lazima kiwe na mfadhili. Chama kisicho na mfadhili kitamshukuru nani? Na wataalamu wasio na wa kumshukuru watafanya nini na midomo yao? Wizara ilifikiri mbali.

Karatasi zikaandikwa, zikatiwa kwenye ndoo, kila chama kikaokota ya kwake. Wanasheria waliokota kampuni ya sabuni. Madaktari waliokota kiwanda cha pipi. Sisi wakunga tuliokota Kampuni ya Saruji Gumugumu.

Usicheke. Mkurugenzi wa Gumugumu, Bwana Zege, alikuwa mtu wa kutafakari. Barua yake ya kwanza naikumbuka hadi leo: "Ndugu Mkunga, umewahi kujiuliza mtoto anapokuja duniani anakuta sakafu ya namna gani?" Ya pili ikasema: "Kitovu hukatwa mara moja. Saruji hushika milele." Ya tatu ilikuwa picha ya ukuta tu, na chini yake: "Mama, uko imara?" Mwaka ulipokwisha zilikuwa nne kwa siku. Taarifa za chama chenyewe, kama vile dawa mpya ya kuzuia damu au mahali pa kuchukulia glavu, ziliruhusiwa kuwekwa chini kabisa, baada ya picha ya mfuko wa kilo hamsini, kwa herufi ndogo zisizoweza kumwudhi mfadhili.

Kila barua ilikuja na kisanduku cha kujibia. Kisanduku hicho kilipokea maneno mawili tu, kwa sababu "Asante sana" ni maneno mawili, na Wizara haikuona haja ya la tatu. Jibu la mmoja lilikwenda kwa wote: kwa wakunga wote, kwa Bwana Zege na kwa Waziri. Shukrani ya siri, alituambia Waziri, ni nusu ya wizi. Mwaka wa nne ikaongezwa kanuni: tangu siku hiyo, ukifikisha barua sitini hujajibu hata moja, mtambo wa kompyuta unakufuta kwenye daftari la wakunga. Na ukishafutwa, kugusa tumbo la mjamzito ni miaka saba jela, hata kama unamsalimia tu.

Ilikuwa sheria nzuri, na mimi niliitumikia bila kuuliza swali. Nilikuwa na feni.

*

Asubuhi moja mtambo ukanipa jina. Bi Sikudhani wa Kata ya Mikoroshini. Barua hamsini na tisa, majibu sifuri.

Nilishika kichwa. Bi Sikudhani ndiye aliyenipokea mimi duniani. Nilikuja nimetanguliza miguu, na marehemu mama yangu alikuwa akisema kwamba bila mikono ya mwanamke yule tungezikwa wawili siku moja. Asantini nzima, mtoto akikaa vibaya tumboni, lilitajwa jina moja tu, nalo ni hilo. Sasa mimi ndiye niliyetakiwa kubonyeza afutwe. Nikampigia simu.

"Shikamoo, Bi Sikudhani."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Chambuso, wa Makao Makuu ya Chama."

"Chambuso yupi? Yule wa miguu?"

"Ndiye mimi."

"Ehe. Hujambo, mwanangu? Umeshaoa?"

"Sijambo. Bado. Bi Sikudhani, nimekupigia kwa habari ya barua za mfadhili. Hujajibu hata moja."

"Zile za saruji?"

"Hizo hizo."

"Mimi sijengi."

Nikamweleza taratibu, kama tulivyofundishwa kwenye semina, kwamba suala si kujenga, suala ni kushukuru. Nyuma yake nilisikia mbuzi akilia.

"Wamenipa nini?" akauliza.

"Nani?"

"Hao watu wako wa saruji. Nauliza nijue nashukuru kitu gani. Glavu nanunua mwenyewe. Taa ninayozalishia nimeletewa na mume wa mtu. Huyu mbuzi unayemsikia nilipewa na mwashi, mkewe alijifungua pacha. Hao wamenipa nini?"

"Wamekupa barua," nikasema, na wakati ule nilidhani nimejibu vizuri sana.

"Nisikilize, Chambuso. Mwanangu Mwasiti ana mimba, miezi minane imepita. Mtoto amekaa kama ulivyokaa wewe. Nimemgeuza mara mbili na mara mbili amerudi. Mkinifuta mimi kwenye daftari lenu, nani atampokea? Wewe?"

Nilimwomba, nikamwomba tena kwa jina la mama yangu, afungue barua ya sitini ikifika, aandike maneno mawili, yaishe.

"Mawili tu?"

"Mawili tu, Bi Sikudhani. Asante, halafu sana."

"Haya. Nitaandika kama moyo wangu ulivyo."

Hapo mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi nilimwambia asante nikakata simu, nikaenda kunywa chai.

*

Jibu lilifika saa tano na dakika kumi. Simu mia nne na kumi na nne ziliita pamoja nchi nzima. Bi Sikudhani si mtu wa kusema jambo nusu. Aliandika methali nzima, ile isemayo "Mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi". Kisanduku kikachukua maneno mawili ya kwanza, kikafunga mlango, kikatuma:

MFADHILI MBUZI

Wewe Mswahili umeshaliona tatizo. Bibi na babu zetu walisema mtendee wema mbuzi, maana binadamu utamtendea na bado atakuudhi. Lakini jibu hili limekatwa katikati, limekwenda kwa mfadhili mwenyewe, nalo halina hata nukta. Bwana Zege alilisoma akiwa kwa kinyozi. Alitoka pale mbio na povu la sabuni shavu moja, akiuliza kila aliyekutana naye barabarani kama kuna mbuzi mwenye shahada mbili.

Waziri wa Shukrani na Mapokezi, Mheshimiwa Makofi, aliunda kamati kabla ya chakula cha mchana. Kamati ikamwita Profesa Ngeli kutoka Baraza la Lugha, mzee mwenye suti ya kahawia na imani kubwa katika viambishi.

"Waheshimiwa," akasema Profesa, "huyu mama angetusaidia sana kama angetumia neno la nyumbani. Angeandika 'mpenda mbuzi', tungejua anamtaja mtu. Angeandika 'mpende mbuzi', tungejua anatoa agizo. Mkia wa neno ungetuambia. Lakini kufadhili ni neno lililotoka ng'ambo, na maneno ya ng'ambo hayatikisi mkia. Mfadhili ni yule anayetoa. Na mfadhili, vilevile, ni amri kwamba umtendee fulani wema. Ukiyaandika, ni mamoja. Ukiyatamka, ni mamoja."

"Kwa hiyo ni tusi au ni amri?" akauliza Waziri.

"Ni sahihi," akasema Profesa, akakaa.

Kamati ikaomba siku tatu za kutafakari. Mtambo wa kompyuta, kwa bahati mbaya, hauna kamati. Mtambo wetu ulikuwa na fomu, na kwenye fomu palikuwa na nafasi iliyoandikwa "Mfadhili", halafu nukta mbili. Uliposoma "Mfadhili mbuzi", ukajua mwanachama mwema ameleta taarifa mpya, ukaijaza. Saa tano na dakika kumi na moja, kisheria na kwa muhuri wa Jamhuri, Mfadhili wa Chama cha Wakunga alikuwa Mbuzi. Saa tano na dakika kumi na mbili mtambo wa Ikulu, ambao hupongeza kila jambo jipya, ukampongeza.

Na Ikulu ikishapongeza, kwetu hakuna kurudi nyuma. Bwana Zege akajitoa kwa hasira. Waziri akanipigia mwenyewe, sauti imemkauka.

"Kijana, Mheshimiwa Rais amempongeza mbuzi. Katafute huyo mbuzi."

"Mbuzi yupi, Mheshimiwa?"

"Aliyepongezwa."

*

Mbuzi pekee aliyehusika na jambo lile, kwa kadiri nilivyoweza kukumbuka, ni yule niliyemsikia kwenye simu. Nikaenda Mikoroshini na gari la Wizara. Nikamkuta: jike, madoa meusi, sikio moja limechanika, anaitwa Pilipili. Nilimfungulia mlango wa nyuma kushoto, wanapokaa wakubwa. Alipanda bila kusita. Nimewahi kuona wakuu wa idara waliosita zaidi.

Lakini nilikuwa na ujumbe mwingine. Bi Sikudhani alikuwa amejibu, kwa hiyo mtambo haukuweza kumfuta. Ila hakuwa ameshukuru, kwa hiyo Wizara haikuweza kumwacha. Waziri akaamua awekwe kiporo. Kiporo ni hali mpya kisheria: si mkunga, wala si asiye mkunga. Haruhusiwi kugusa tumbo lolote mpaka shauri lake lisikilizwe kwenye Mkutano Mkuu.

Nilimwambia pale mlangoni. Ni mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko umbo lake, na wakati ule hakujua aiweke wapi. Mwasiti akatoka ndani, tumbo limemtangulia, ameshika mwimo wa mlango.

"Kaka Chambuso, huo mkutano lini?"

"Jumamosi ya wiki ijayo."

"Na mimi ni wiki hiyo hiyo."

"Basi ombea iwe Jumapili," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Niliona aibu, nasema kweli yangu, aibu ambayo semina haikunifundisha pa kuiweka. Bi Sikudhani alimfunga Pilipili kamba shingoni, akanipa ncha yake.

"Mtunze," akasema. "Huyo hajafanya kosa."

Nikarudi mjini na Mfadhili.

Sasa, sheria ilikuwa palepale: mfadhili lazima awaandikie wanachama. Niliweka chumvi kidogo juu ya meza, nikasogeza kompyuta, nikamwacha Mheshimiwa Pilipili afanye kazi yake. Barua yake ya kwanza ilisema: "mmmmmmmmmm". Nikaituma. Ya pili ilikuwa nukta mkato saba. Nikaituma.

Jamani, zilipendwa. Hazikuwa na picha ya mfuko, hazikumwuliza mtu kama yuko imara. Ndani ya saa moja wakunga wote mia nne na kumi na wawili walikuwa wamejibu, hata Bi Sikudhani kiporo, aliyeandika "Ale majani". Na kwa kuwa mbuzi huandika kwa ufupi, chini ya barua palibaki nafasi, na taarifa za chama zikaonekana kwa mara ya kwanza. Wakunga wakajua glavu ziko wapi. Wakaenda kuzichukua. Mtunza ghala alinipigia simu akilia, akasema kwa miaka minne hajawahi kuona mtu mlangoni.

Magazeti yakaandika. Mheshimiwa Makofi akasema redioni kwamba yeye ndiye aliyemwona mbuzi huyo mapema na kutambua kipaji chake. "Mfadhili wetu," akasema, "ni mfupi wa maneno na mrefu wa vitendo." Profesa Ngeli alitoa mhadhara juu ya nukta mkato.

Aliyekonda ni Bwana Zege. Kwa miaka minne hakuwahi kupata majibu zaidi ya tisini kwa barua moja, na hayo tisini yalikuwa ya woga. Mbuzi anapata mia nne na kumi na mawili kwa kukanyaga herufi. Wivu ukamla. Akamwendea Waziri, wakafunga mlango, wakatoka wanacheka.

*

Jumamosi ikafika. Ukumbi wa Mapokezi ulipambwa kwa vitambaa vya rangi ya saruji, nami hapo ningetakiwa kushtuka pia. Meza kuu alikaa Waziri, kulia kwake Profesa Ngeli, kushoto kwake Pilipili na skafu ya taifa shingoni. Mimi nilikaa pembeni na kompyuta magotini. Wakunga wote wa nchi waliitwa, na asiyefika angehesabika hana shukrani, kwa hiyo asubuhi ile Asantini nzima hapakuwa na mkunga nje ya ukumbi ule. Madaktari nao walikuwa kwenye semina ya pipi.

Ndiyo maana Mwasiti alikuja na mama yake. Angebaki nyumbani na nani? Walikaa safu ya mwisho, karibu na mlango. Wakati wa wimbo wa taifa nilimwona akisimama kwa shida, na kufikia ubeti wa tano aliketi.

Waziri akashika kipaza sauti.

"Ndugu wakunga. Nimeshauriana na wataalamu, na wamenithibitishia kwamba mbuzi ni mnyama."

Makofi.

"Mnyama hawezi kuwa mfadhili. Kwa hiyo kuanzia sasa, saa nne na robo, ufadhili wa mbuzi nimeubatilisha. Lakini msihuzunike. Ndugu zetu wa Gumugumu wamekubali kurudi. Bwana Zege atatia saini hapa hapa, mara tu baada ya hotuba yake fupi ya kurasa arobaini."

Makofi tena, ya adabu. Kisha simu zote ukumbini zikalia kwa pamoja. Mtambo ulikuwa umeona chama hakina mfadhili, na ukafanya ulichofundishwa. Kila mkunga alisoma ujumbe uleule: "Umefutwa kwenye daftari la wakunga. Asante sana."

Nilitazama yule wa mbele yangu, mama mtu mzima mwenye miwani, akiusoma mara ya pili na ya tatu. Nikaelewa taratibu, maana mimi huelewa taratibu. Ukumbini palikuwa na wanawake mia nne na kumi na wawili wanaojua kuzalisha, na mkunga hakuwepo hata mmoja. Hali hiyo ingedumu mpaka Bwana Zege amalize kusoma.

Bwana Zege alisafisha koo. Ukurasa wa kwanza ulikuwa salamu. Wa pili ulikuwa salamu pia. Alipofika wa tatu, historia ya mchanga, Mwasiti alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili.

"Mama," akasema. Hakupiga kelele. Ila sisi wa Asantini tumezoea sauti za kushukuru, na hiyo haikuwa hiyo, kwa hiyo watu wote waligeuka.

Bi Sikudhani alinyoosha mkono. Askari wa Shukrani wawili walishafika.

"Mama, miaka saba," akasema mmoja, kwa heshima kabisa.

"Naijua."

"Wewe ni kiporo, na hata ungekuwa si kiporo umefutwa."

"Najua, baba. Huyu ni mwanangu. Mtoto wake ametanguliza miguu. Nikingoja yule amalize mchanga aingie kwenye kokoto, nitazika watu wawili. Unanisikia?"

Wakunga wakasimama wote. Askari wengine wakapanga mstari. Waziri akagonga meza.

"Tulieni, ndugu zangu. Zimebaki kurasa thelathini na saba tu."

Niliogopa. Sijawahi kuogopa vile. Miguu yangu, ambayo ndiyo iliyotangulia kuja duniani, sasa ilitaka kutangulia kutoka nje, na mlango ulikuwa karibu. Nilimwona Mwasiti anauma upindo wa kanga. Nikamkumbuka mama yangu. Nikatazama kompyuta magotini, na kwenye kioo, chini ya ujumbe wa kufutwa, palikuwa na kile kisanduku, kitupu, kinawaka na kuzima, kinangoja maneno mawili.

Kazi yangu haikuwahi kunitaka nifikirie. Siku ile nilifikiria. Nikaandika:

MFADHILI MTOTO

Simu zikalia. Kwenye kioo kikubwa cha mtambo, nyuma ya Waziri, pakaandikika: "Mfadhili: Mtoto. Chama kimesajiliwa upya." Simu zikalia tena, wakunga wote wakarudishwa daftarini, kiporo na wasio kiporo, maana mtambo ulianza orodha upya na haukukumbuka kinyongo. Dakika iliyofuata Ikulu ikapongeza.

Waziri alisoma pongezi zile akaishiwa damu usoni.

"Mtoto gani?" akauliza Bwana Zege, kidole bado kwenye mchanga. "Yuko wapi huyo mtoto?"

"Yuko njiani," akasema Bi Sikudhani. "Anakuja kwa miguu."

Sijui kama Mheshimiwa Makofi alielewa vibaya au alielewa alivyozoea kuelewa. Alisimama wima.

"Kwa miguu?" akasema. "Mfadhili aliyepongezwa na Rais anakuja kwa miguu? Wizara nzima imekaa hapa, na mfadhili anatembea? Tandikeni zulia."

Zulia jekundu likakunjuliwa kutoka meza kuu mpaka safu ya mwisho. Profesa Ngeli, Mungu amzidishie, akasimama na kitabu cha Kanuni za Mapokezi.

"Kifungu cha kwanza," akasoma. "Mfadhili akiwa njiani, hotuba zote husimama. Kifungu cha pili. Mfadhili hupokelewa kwa mikono miwili na mwanachama aliyetumikia miaka mingi kuliko wote. Kifungu cha tatu. Anayemzuia mpokeaji hana shukrani."

Askari wakaruka pembeni kama waliokanyaga siafu. Bi Sikudhani, mkongwe wa wakunga wote, alikuwa ameshakunja mikono ya gauni. Walimlaza Mwasiti juu ya zulia, na wanawake mia nne wakavua kanga na vitenge vyao vya juu wakavishika kwa ncha, ikawa nyumba ndogo katikati ya ukumbi. Bendi ya Wizara ikaamriwa kupiga wimbo wa taifa, beti zote tisa.

Mimi nilibaki nje ya kanga na wanaume wengine. Tuliona visigino vya wakunga tu. Nilimsikia Bi Sikudhani, sauti ileile ya kwenye simu.

"Usisukume. Bado. Pumua kama mbwa, mwanangu. Mwache aje mwenyewe, mguu mmoja huu hapa. Na wa pili. Bado. Usisukume nimesema."

Ubeti wa sita ukapita, na wa saba. Katika wa nane sauti ya Bi Sikudhani ikakatika. Mpiga tarumbeta naye alikuwa mzazi, akashusha tarumbeta yake bila kuambiwa, na wenzake wakamfuata. Ukumbi ukawa kimya hata nikamsikia Pilipili akitafuna skafu ya taifa. Nilisema dua ambayo sikuwa nimeisema tangu mazishi ya mama.

"Sasa," akasema Bi Sikudhani. "Sasa, Mwasiti. Kichwa."

Kisha tukasikia kilio. Kikali, cha hasira, cha mtu aliyesumbuliwa. Kanga zikaanza kutikisika, na nikajua wanawake wanalia na kucheka pamoja. Mimi nililia tu.

Bi Sikudhani akatoka na mtoto mikononi, wa kike, amefungwa kanga, na mikono yake yeye ina damu mpaka kwenye viwiko. Waziri alijitupa mbele na kipaza sauti.

"Ndugu wakunga! Mfadhili ametoa ujumbe wake wa kwanza. Tumesikia sote. Sasa, kama ilivyo desturi, kwa maneno mawili, tumjibu." Akainua mikono ili atuongoze.

Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Midomo ilishaanza herufi ya kwanza. Bi Sikudhani alimtazama Waziri, akamtazama mtoto anavyogeuza kichwa na kutafuta kwa mdomo, akajibu kwa niaba ya chama.

"Ana njaa," akasema, akarudi ndani ya kanga kumpeleka kwa mama yake.

Hakuna mtu, tangu nchi yetu ianze, aliyewahi kujibu hivyo. Waziri alibaki na mikono hewani. Akamgeukia Profesa. Profesa Ngeli akahesabu kwa vidole.

"Ni maneno mawili," akasema. "Na ni sahihi."

*

Mimi niliondolewa kazini kabla bendi haijafunga vyombo. Sababu iliyoandikwa ni kutumia kisanduku kwa kufikiri. Bwana Zege alitoka na kurasa zake thelathini na saba chini ya kwapa. Hawezi kuwashtaki hao wakunga, maana mfadhili wao amepongezwa, na hata leo ndiye mfadhili wao, ingawa barua zake zote hadi sasa ni za kulia, na wakunga wanazielewa.

Nilikaa kwenye ngazi za ukumbi, kamba ya Pilipili mkononi, nikisubiri kumrudisha kwa mwenyewe. Mheshimiwa Makofi alitangulia kutoka. Alikuwa ameshapata nafuu, kama wanavyopata, na akamwita Bi Sikudhani aliyekuja kunawa kwenye bomba.

"Mama, mzazi anahitaji mchuzi. Wizara inapendekeza huyu mfadhili aliyestaafu achinjwe, kwa heshima zote."

Bi Sikudhani alinawa mkono mmoja, akanawa wa pili.

"Kuku wapo," akasema. "Huyu simchinji. Tangu mambo haya yaanze, yeye peke yake ndiye hajaniudhi."

Waziri akashukuru, akapanda gari. Bi Sikudhani akaja akakaa ngazi ya juu yangu. Ndani mtoto alikuwa amenyamaza, ana kazi. Nilitaka kuomba radhi kwa zile barua zote za saruji, kwa kiporo, kwa ule utani wa Jumapili, nikakosa pa kuanzia.

"Chambuso," akasema.

"Naam, Bi Sikudhani."

Aliuweka mkono wake wenye maji utosini kwangu, kama mtu anayepima kitu alichokipokea zamani.

"Leo umetanguliza kichwa."